Beringi, springi na ekseli: kazi za gari la shamba unazoweza kufanya mwenyewe kabla ya kuanza kusomba

Vijana wengi mnaolima kibiashara mnanitafuta kuhusu kantangaze, bei ya mbegu na dawa gani ipigwe lini. Leo naomba kantangaze tumuweke pembeni, tuongelee gari. Ukishavuna, jasho lako lote la miezi mitatu linategemea vyuma ambavyo hakuna anayeinama kuviangalia mpaka vikatike: ekseli, beringi za magurudumu na springi. Mahindi yanaweza kusubiri wiki nzima. Nyanya iliyoiva haisubiri. Gari likilala njiani siku mbili na matenga juu yake, sokoni utafika na mchuzi, na dalali hatakuuliza beringi ilikatikia wapi.

Sehemu kubwa ya ekseli zinazokufa huku kwetu haziuawi na mashimo ya barabara. Zinauawa na grisi iliyokwisha, sili iliyochoka na nati iliyolegea. Hivi vitatu kijana mwenye akili timamu na vifaa vya kawaida anaweza kuvishughulikia mwenyewe kwa siku moja. Kuna vingine nitakwambia waziwazi uviache.

Nitaongelea zaidi Land Cruiser pickup, zile mkonga, HZJ75 na HZJ79. Ndizo nyingi kwenye mashamba ya nyanda za juu, na zimetengenezwa zifunguliwe popote, hata chini ya mti. Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele, kama LN106, zinafanana nazo sana kwa mbele. Ila kama una Hilux ya kuanzia Vigo (2005 kuja huku), beringi ya mbele imegandamizwa kwa mashine na haifunguki kwa nyundo na spana. Wewe kagua tu, ukikuta mbovu nenda gereji yenye presi. Vivyo hivyo beringi za nyuma za Hilux nyingi: zimebanwa kwenye shafti yenyewe.

Jeki siyo stendi

Naanzia hapa kwa sababu beringi inauzwa dukani na wewe huuzwi. Jeki kazi yake ni kunyanyua. Kushikilia gari wakati mtu yuko chini ni kazi ya stendi. Jeki ya mafuta inaweza kushuka bila kukupa taarifa, na ile ndefu ya kuchomeka inaanguka upande ukitikisa gari kidogo tu.

Udongo wa shamba ni laini, hasa wiki moja baada ya mvua. Weka ubao mgumu, mpana, chini ya jeki na chini ya kila stendi. Funga handbreki, weka mawe makubwa au vigingi mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini, gia iwe imeingia. Legeza nati za tairi kabla hujanyanyua. Ukishaweka stendi chini ya ekseli, sukuma gari kwa bega. Kama linacheza, shusha uanze upya. Tofali la saruji lenye matundu usiliweke chini ya gari hata kwa dakika tano, maana halitoi mlio wa onyo, linapasuka papo hapo. Kama stendi huna, azima. Au tumia magogo ya mti mgumu yaliyokatwa bapa, yakipangwa kwa kupishana, na tairi ulilolifungua lilaze chini ya chesisi kama akiba.

Gari linaongea

Beringi haifi ghafla. Inalalamika kwanza, wiki kadhaa, tatizo ni redio.

Zima redio, endesha kwenye barabara nzuri kwa mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa. Beringi mbovu inanguruma kama ndege iliyo mbali, na mngurumo unapanda na kushuka na mwendo wa gari, siyo na mafuta unayokanyaga. Tairi lenye vipara vya hapa na pale nalo linanguruma hivyo hivyo, kwa hiyo fanya jaribio la pili: kata usukani taratibu kushoto, kisha kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia upande wa kulia. Basi sauti ikiongezeka ukiwa unakata kushoto, mshuku beringi ya kulia. Na kinyume chake.

Ukitoka safari ya kilomita 15 hivi, simama bila kushika breki sana, pita gurudumu moja moja ukisogeza kiganja karibu na habu. Zote zinakuwa na uvuguvugu. Ile iliyo moto kuliko wenzake inakwambia jambo: beringi imekaza au imekauka, au breki inang'ang'ania. Usibandike kiganja moja kwa moja, inaweza kukuunguza.

Jaribio la tatu ni la kunyanyua gurudumu. Shika tairi juu na chini, tikisa kwa kuvuta na kusukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, tatizo liko ndani zaidi, kwenye beringi za juu na chini za ile nakoo inayogeuza gurudumu. Halafu shika kushoto na kulia kwa tairi, tikisa tena: mchezo wa upande huo mara nyingi ni wa tairodi. Tairodi usiiahirishe. Ikichomoka, gurudumu moja linaenda njia yake na usukani unabaki mkononi kama pambo.

Chungulia pia nyuma ya gurudumu, kwenye ule mpira wa chuma unaozungukwa na nakoo. Grisi nzito kidogo ni kawaida. Ukiona uji mwepesi mweusi unachuruzika hadi kwenye rimu, sili ya ndani ya ekseli imekufa: oili ya difu imepita, imechanganyika na grisi, na inaelekea kwenye breki. Kazi hiyo ni ya kushusha nakoo nzima. Mara ya kwanza mpe fundi, lakini usiende kunywa soda. Simama hapo, shika taa, uliza. Mara ya pili utaifanya mwenyewe.

Kufungua na kupaka grisi beringi za mbele

Andaa haya: soketi ya 54 ya nati kubwa ya habu (Land Cruiser na Hilux za zamani zinatumia hiyo hiyo), koleo la klipu za duara, nyundo, kipande cha shaba, mafuta ya taa au dizeli ya kuoshea, vitambaa safi, sili mpya, bati jipya la kufungia nati, na grisi ya beringi za magurudumu inayohimili joto, namba 2. Soketi ya 54 nunua. Kuna mafundi wanaizungusha ile nati kwa patasi na nyundo, na ukikuta nati yako ina makovu pembeni ujue imeshapita mikononi mwao. Nati iliyokobolewa hivyo haiwezi kukazwa kwa kipimo.

Toa tairi. Fungua kalipa ya breki uifunge kwa waya kwenye springi au chesisi, usiiache ining'inie kwa mpira wake, mpira unachanika kwa ndani na huoni. Fungua kifuniko cha friwili, toa klipu ya mwisho wa shafti, kisha nati za friwili. Hapo wengi wanakwama, kwa sababu chini ya kila nati kuna washa ndogo ya umbo la koni iliyojibana. Usiipekenyue kwa bisibisi. Weka kipande cha shaba kwenye kichwa cha stadi, gonga kwa nguvu mara mbili tatu, koni inaruka yenyewe.

Ndani utakuta nati mbili na bati lililokunjwa katikati yao. Nyoosha bati, toa nati ya nje, bati, kisha nati ya ndani. Vuta habu taratibu huku kidole gumba kikizuia beringi ya nje isidondoke mchangani. Sili itoe, tupa. Sili kuukuu hairudishwi, hata kama inaonekana nzima.

Sasa osha. Osha mpaka chuma kionekane rangi yake, kwani grisi mpya juu ya grisi ya zamani yenye mchanga ni kama kupaka msasa mafuta. Kausha kwa kitambaa. Usizizungushe beringi kwa upepo wa kompresa, zinaweza kupasuka na kurusha vyuma usoni. Kisha peleka kwenye mwanga uangalie rola moja moja. Unatafuta vishimo, mikwaruzo, na rangi. Bluu au kahawia iliyokolea maana yake chuma kilipata moto mpaka kikapoteza ugumu wake. Pitisha ukucha kwenye kikombe cha nje, kile kilichobaki ndani ya habu. Ukucha ukikwama mahali, hicho kimekwisha.

Beringi na kikombe chake ni mke na mume, vinabadilishwa pamoja. Kuweka beringi mpya kwenye kikombe cha zamani ni kutupa pesa. Kama zote ni nzima, kila moja irudi kwenye kikombe ilichotoka, kwa hiyo usizichanganye kwenye beseni moja. Kutoa kikombe, gonga kwa shaba kutokea upande wa pili, huku na huku, kisiende upande. Kikombe kipya kinaingia hivyo hivyo, na utajua kimefika mwisho kwa sikio: mlio wa nyundo unabadilika, unakuwa mkavu, wa chuma kwa chuma.

Kuhusu dukani. Beringi za Koyo, NSK na NTN zinaaminika, na kwa sababu hiyo hiyo majina yao ndiyo yanayoigwa. Boksi peke yake halitoshi. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe kama yamenyooka na yanasomeka, linganisha namba na ile uliyotoa, zungusha usikie. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, jiulize nusu nyingine imeenda wapi.

Kupaka grisi siyo kupaka juu. Weka donge kwenye kiganja, chukua beringi upande ule mpana, isukume kwenye donge mpaka grisi itokeze upande mwembamba kati ya rola. Zungusha, rudia, mpaka mzunguko wote uishe. Paka pia utando ndani ya habu na kwenye mdomo wa sili mpya. Hakuna haja ya kuijaza habu yote mpaka ifurike, ikipata joto itatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye breki.

Halafu kipimo, ambacho ndicho roho ya kazi yote. Rudisha habu, beringi ya nje, nati ya ndani. Kaza kwa nguvu ya wastani huku unazungusha habu kushoto na kulia mara kadhaa ili rola zikae. Kisha legeza nati mpaka iwe huru. Kaza tena kidogo tu, nguvu ya mkono. Habu izunguke kwa uzito mdogo na isiwe na mchezo hata chembe ukiitikisa.

Unataka uhakika? Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ile unayopimia mazao. Nasa ndoano kwenye stadi moja ya tairi, vuta kwa upande kufuata mzunguko, soma namba habu inapoanza kusogea. Kwa Land Cruiser nyingi zenye ekseli nzima mbele ni kati ya kilo 3 na 5 na nusu hivi. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu. Ikisoma chini ya hapo kaza kidogo, ikizidi legeza. Kisha bati jipya, nati ya nje kaza vizuri, pima tena kwa sababu kukaza nati ya nje kunaweza kubadilisha kipimo, ndipo ukunje bati: jino moja kwenye nati ya ndani, jingine kwenye nati ya nje. Beringi iliyolegea inagonga mpaka inavunjika. Iliyokazwa kupita kiasi inaungua. Nimeona zaidi za namna hii ya pili, maana vijana tunapenda kukaza.

Springi, U-bolti na lumbesa

Springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hapa kila kimoja nitakiita jani, na lile refu la juu lenye macho mawili nitaliita jani mama. Katikati inapita senta bolti, nyembamba, na U-bolti mbili zinafunga springi kwenye ekseli.

Senta bolti haijatengenezwa kubeba nguvu ya mzigo, kazi yake ni kuonesha ekseli mahali pa kukaa. Wanaoshika ni U-bolti. U-bolti zikilegea, ekseli inaanza kusukuma senta bolti mbele na nyuma kila ukikanyaga breki, mpaka inakatika, na ekseli inahama. Utaliona gari linatembea kishingoupande, mbele linaelekea sokoni, nyuma linaelekea kwa jirani. Kabla halijafika huko, chukua kamba au tepu, pima kutoka bolti ya jicho la mbele la springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vilingane. Tofauti inayoonekana kwa macho maana yake kuna upande umehama.

Sugua udongo kwa brashi ya waya uangalie nyufa, hasa karibu na senta bolti na karibu na macho. Mstari mwembamba wa kutu unaotoka katikati ya majani mawili ni ishara kwamba yanasuguana au moja limepasuka. Jani lililokatika halichomelewi. Chuma cha springi kimepikwa kupata ule unyumbufu, na moto wa kuchomelea unaua hiyo kazi. Litakatika tena, pembeni kidogo ya pale palipochomelewa, na safari hii ukiwa na mzigo. Badilisha jani.

U-bolti ukishazifungua weka mpya, kwani zinavutika zikikazwa mara ya kwanza. Kaza kwa kupishana, pembe na pembe, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Bushi za mpira za kwenye macho zina sheria hiyo hiyo, na wengi hawaijui: bolti zake zikaze mwisho kabisa, gari likiwa chini kwenye matairi. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unajikunja siku zote gari likisimama, na baada ya muda mfupi unachanika. Utamlaumu muuza spea bure.

Sasa lumbesa. Sote tunailalamikia kwenye magunia, mnunuzi anapoongeza kilemba juu ya gunia. Lakini gari letu nalo tunalifunga lumbesa. Pickup za namna hii zimetengenezwa kwa tani moja hivi. Kijana anaongeza majani mawili matatu kila upande, gari linasimama juu, haliinami, naye anaamini sasa linabeba tani mbili. Kilichoongezeka ni ugumu wa springi tu. Beringi ni zile zile, ekseli ile ile, breki zile zile, chesisi ile ile, na sasa kila shimo linapiga moja kwa moja bila kitu cha kulainisha. Pima tenga moja kwenye mizani, zidisha kwa idadi, ujumlishe na watu wanaokaa juu. Hesabu ikikataa, nenda trip mbili. Ninajua dizeli ni ghali.

Ukikatikiwa jani mama porini, shusha mzigo kwanza. Nyanyua chesisi, weka gogo gumu kati ya ekseli na chesisi, lifunge kwa kamba au mnyororo lisiruke, hakikisha haligusi bomba la breki. Kama limekatika mbele ya ekseli, funga mnyororo kutoka ekseli hadi kwenye chesisi mbele ili ekseli isirudi nyuma. Tembea mwendo wa mguu mpaka penye watu. Gari hilo halibebi kitu.

Na shafti ya nyuma ikikatika? Kwenye mkonga nyingi uzito unabebwa na habu, siyo shafti. Unaweza kufungua nati za pembeni, ukatoa shafti iliyokatika na gurudumu likabaki mahali pake. Ziba tundu kwa bati na gasketi ya kukata mwenyewe ili oili isitoke na uchafu usiingie, funga friwili za mbele, ingiza 4WD, na magurudumu ya mbele yatakuvuta hadi nyumbani. Taratibu, bila mzigo.

Kipumulio cha difu

Hiki ni kidogo kama kidole na hakuna anayekijua. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kinaacha hewa iingie na kutoka oili inapopata joto na kupoa. Kikizibwa na tope, joto linasukuma oili ipite kwenye sili, nawe unabadilisha sili kila mwaka ukidhani ni feki. Mbaya zaidi, ukiingia mtoni ekseli ikiwa moto, inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili hizo hizo. Kifungue, kioshe na dizeli, hakikisha kinapumua.

Kama umevuka maji marefu, kagua oili ya difu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, badilisha mara moja. Anza kufungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, gari limekufa hapo hapo. Oili ni ya gia, 80W-90 yenye alama ya GL-5 kwa difu nyingi za kawaida, jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu.

Ukimaliza yote haya, usipakie siku hiyo hiyo. Endesha kilomita chache gari likiwa tupu, jaribu breki kwanza ukiwa mwendo wa mguu, simama, sogeza kiganja kwenye habu. Kaza nati za tairi tena. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo rudi chini na spana, kaza U-bolti tena, huwa zinalegea kidogo zikishakaa. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari la shamba, ukurasa ule ule unaoandika mbolea na dawa.